Likizo ya kaskazi: Nani anayeangalia maji?

Shule zikishafungwa mapema mwezi Desemba, nyumba zetu za Pwani hubadilika sura. Watoto wapo nyumbani mchana kutwa, wageni wanafika kutoka Tanga, Lindi na Unguja, na baba aliyekuwa akiahidi tangu Idi kwamba atapaka rangi ukuta na kuziba bati linalovuja, sasa hana tena kisingizio. Kila Jumapili asubuhi kuna anayeuliza, "Leo tunakwenda wapi?" Ndiyo msimu wa kaskazi wenyewe, jua kali na jasho, na joto ambalo halitapungua mpaka mvua za masika zianze.

Katika makala haya nataka tuzungumzie jambo moja tu la likizo hii, nalo ni maji. Si kwamba mengine hayana uzito. Ila ukiyahesabu madhara yanayoipata familia katika wiki hizi chache, utakuta mengi yamepitia kwenye maji: maji yaliyokaa, maji yaliyobebwa, na maji ya kuogelea. Na kila mahali swali ni lile lile, ni nani hasa aliyekabidhiwa kuyaangalia? Katika nyumba yenye watu kumi na wawili, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia.

Kazi ya kwanza: simtanki

Familia nyingi za Dar es Salaam zina simtanki juu ya mnara, na nyingine zina tangi la zege lililojengwa chini ya ardhi. Tumezoea hivyo kwa sababu bomba halitoki kila siku. Mtakumbuka Oktoba 2022, kina cha mto Ruvu kilipopungua na jiji likaingia kwenye mgao, mwenye lita 2,000 nyumbani alionekana tajiri mtaani. Lakini tangi hilo hilo lililotuokoa, ni lini mara ya mwisho lilifunguliwa na kusuguliwa? Waulize wenye nyumba, wengi watakutajia mwaka lilipopandishwa juu. Chini kuna tope laini la kahawia, pembeni kuna utelezi, na pengine mjusi aliyeingia kwa sababu kifuniko kilipeperushwa na upepo. Ndiyo maji tunayosukutua na kutawadha kwayo, na wengine wanayanywa.

Basi kama kuna kazi moja ya nyumbani ambayo baba na vijana waifanye kabla ya kugusa rangi ya ukuta, ni hii. Chagua siku ambayo mna uhakika bomba litatoka. Kwanza wekeni akiba ya maji ya kunywa na kupikia kwenye ndoo zenye vifuniko. Yaliyobaki kwenye tangi yatumike kufulia na kumwagilia mpaka yafike chini, kisha sugua kuta na sakafu ya tangi kwa brashi yenye mpini mrefu na sabuni kidogo, ukiwa umesimama nje, halafu suuza na utoe maji yote machafu.

Baada ya hapo inakuja dawa. Ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo wengi tunaiita jiki hata kama chupa ina jina jingine, inafaa mradi iwe ni ya klorini tupu isiyo na manukato. Soma chupa. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, basi tangi la lita 1,000 litahitaji lita moja na nusu. Jaza tangi, tia dawa, fungua mabomba yote ya ndani mpaka usikie harufu yake, yafunge, na uache kwa saa 24. Maji hayo hayanywewi. Yatumike kusafishia choo na sakafu, kisha tangi lijazwe upya. Mwenye kuona uchungu kumwaga lita 1,000 wakati wa mgao, naye ana njia: achanganye dawa hiyo, kiasi cha nusu kikombe cha chai, kwenye ndoo ya lita 20, apake kuta zote za tangi kwa brashi, asubiri nusu saa, kisha asuuze vizuri. Vaeni glovu, na dawa hiyo isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu.

Ama kwa wenye tangi la chini ya ardhi, hapa naomba tusikilizane vizuri. Tangi la zege lililofungwa kwa miezi linaweza kuwa na hewa isiyotosha kuvuta. Na wapo wanaoteremsha ndani pampu ya petroli ili kunyonya tope haraka. Moshi wa injini hiyo una gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na humwangusha mtu kabla hajajua kuna tatizo. Kinachofuata ndicho kinachoua zaidi: kijana anaanguka, kaka yake anaruka kumwokoa, naye anaanguka, kisha jirani. Kazi hiyo wapeni mafundi wenye vifaa vya kupuliza hewa, pampu ikae juu, mbali na mdomo wa tangi, na asiteremke mtu pasipo kamba mwilini na watu juu wa kumvuta. Mtu akianguka ndani, vuteni kamba, pigeni kelele, pigeni simu Zimamoto namba 114. Msimfuate.

Mbu wa mchana

Usafi wa tangi una faida nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Mbu anayeeneza homa ya dengue, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hapendi madimbwi machafu ya mtaroni. Anapenda maji yetu masafi: pipa lisilofunikwa, sahani chini ya chungu cha maua, tairi bovu nyuma ya nyumba, kopo la rangi ambalo baba alilimaliza na kulitupa uani. Dar es Salaam iliuguzwa na dengue mwaka 2010, tena 2014, tena 2019 ambapo Tanga nayo ilipata sehemu yake. Mayai ya mbu huyu hunata kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri tu kuloweshwa. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi, chombo lazima kisuguliwe. Na kwa kuwa kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua wiki moja au zaidi kidogo, ukifanya hivyo kila Ijumaa asubuhi umekata mzunguko wake. Watoto wanaifurahia kazi hii wakiambiwa wanawinda.

Mbu huyu huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri kabla ya Magharibi, hivyo chandarua cha usiku hakimzuii. Mtoto anayelala mchana naye afunikwe. Mtu akipata homa kali ya ghafla, maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo, apimwe malaria na dengue vile vile. Kabla ya majibu ya vipimo asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwa sababu dengue inaweza kuleta kutokwa damu na dawa hizo huongeza hatari. Panadoli kwa kipimo chake inatosha, pamoja na kunywa maji kwa wingi. Homa ikishuka kisha mgonjwa akaanza kutapika sana, kuumwa tumbo au kutokwa damu kwenye fizi, huo si wakati wa kushukuru kwamba amepona. Ni wakati wa kukimbilia hospitali.

Ndoo ya bafuni

Hapa sitasema mengi, maana jambo lenyewe ni fupi na zito. Mtoto anayetambaa na anayeanza kusimama kwa kushika vitu, kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akichungulia ndoo akaangukia kichwa, hawezi kujitoa, na ndoo haipinduki. Maji ya kina cha kiganja yanatosha kumuua, na huondoka kimya, bila kelele na bila kurusha mikono kama tunavyoona kwenye filamu. Ndoo ya udhu, diaba la kufulia, pipa la uani, vyote vifunikwe kwa kitu asichoweza kukiinua, au vimwagwe na kupinduliwa. Mlango wa bafu ufungwe kwa komeo la juu. Nyumba ikiwa na wageni, mpeni mtu mmoja kwa jina dhamana ya mtoto huyo, na akitaka kwenda sokoni amkabidhi mwingine kwa maneno: "Mimi natoka, sasa ni wako."

Safari za karibu

Tukija kwenye safari zenyewe, kwenda Bagamoyo, Kigamboni au kuwaona babu na bibi, begi la kwanza kufungwa liwe la maji. Yachemsheni usiku mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yawekwe kwenye dumu lenye mdomo mwembamba lililosafishwa kwa maji ya moto na sabuni. Mwenye kutumia vidonge vya kutibu maji afuate kipimo cha pakiti na asubiri nusu saa. Barafu ya kununua njiani ni maji ya mtu mwingine tu yaliyoganda, kuganda hakuui vijidudu. Watoto wakumbushwe kunywa kabla hawajasema wana kiu, na mkojo ukiwa wa rangi ya chai ujue mwili umekauka. Pakiti mbili tatu za ORS ndani ya mkoba hazina uzito wowote, na kila moja huchanganywa na lita moja ya maji safi, si nusu lita "ili iwe kali".

Chakula nacho, kwa ufupi. Akina mama wanaamka saa 10 usiku kupika wali wa nazi au pilau ili uliwe saa 8 mchana, umefungwa kwenye sufuria ya uvuguvugu ndani ya gari la moto. Huo ni muda mrefu mno. Wali uliokaa kwenye uvuguvugu huotesha vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha tena. Kwa safari ya kaskazi, chapati, viazi vya kuchemsha, maandazi, mihogo ya kukaanga na matunda ya kumenywa huko huko ni bora zaidi. Pilau ipikwe jioni mkirudi.

Wanaokwenda bara, hasa Mwanza, Musoma na Bukoba, wakumbuke kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na hupenya kwenye ngozi ya anayeoga au kuchezea ziwani na kwenye vijito, hahitaji hata kunywa. Mtoto akirudi nyumbani na baada ya wiki kadhaa akaona damu kwenye mkojo au kinyesi, mpelekeni kituo cha afya, dawa ya prazikwanteli ipo. Maji ya chumvi hayana kichocho, lakini bahari ina yake.

Pwani

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Sisi tuliozaliwa Pwani tunajiona wenyeji wa bahari, kumbe wengi wetu ni wenyeji wa mchanga.

Tazama kalenda ya Hijiria iliyotundikwa ukutani kabla ya kupanga siku ya kwenda ufukweni. Tarehe 1 hadi 4 ya mwezi, na tena 15 hadi 18, ndizo siku za bamvua, maji hupwa mbali sana na kujaa kwa nguvu. Katika pwani ya Dar es Salaam na Unguja, tofauti kati ya kupwa na kujaa siku hizo ni mita 3 au zaidi, yaani kuliko urefu wa mlango wa nyumba. Na saa zake karibu hazibadiliki: siku za bamvua maji hupwa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa saa 10 au saa 11 alasiri. Wazee wavuvi wanalijua hili bila kitabu. Anayetoka Tandika au Mbagala mara moja kwa mwaka halijui.

Sasa fuatilia siku ya familia. Mnafika saa 4, bahari imekwenda mbali, watoto wanakimbia hadi kwenye mafungu ya mchanga, maji yanawafika kwenye vifundo vya miguu. Kila mtu moyo umetulia. Maji yanaanza kurudi polepole, kisha yanashika kasi, kwani nusu nzima ya kujaa hutokea katika saa mbili za katikati, yaani kama saa 6 hadi saa 8 mchana. Na saa 6 hadi saa 8 mchana wakubwa wanafanya nini? Wanatia udhu, wanaswali Adhuhuri, wanapakua chakula, wengine wamejinyoosha kivulini. Mfereji uliovukwa asubuhi kwa miguu sasa ni kina cha kifua cha mtu mzima, na watoto wako upande wa pili, kwenye fungu linalozidi kuwa dogo.

Dawa yake haina gharama. Ikifika saa 6 kasoro, watoto wote waitwe na wahesabiwe, watoke majini mpaka chakula kiishe. Swala iswaliwe kwa zamu, kundi moja liswali na jingine likitazama bahari, kisha wabadilishane. Na mashekhe wanatufundisha kwamba anayeswali akiona mtu anazama na hakuna mwingine wa kumwokoa, humlazimu kuikata swala yake. Ni bora zaidi kupanga zamu, asije mtu akafikishwa huko.

Mlinzi wa maji awe mtu mzima mmoja anayejulikana, asiye na simu mkononi, kwa zamu ya nusu saa. Mtoto wa chini ya miaka mitano awe karibu kiasi cha kunyoosha mkono na kumshika. Mipira ya ndani ya tairi isihesabiwe kuwa kinga, maana mtoto huchukuliwa nayo na mkondo mpaka kina kirefu, kisha anateleza. Mtu akibebwa na mkondo unaotoka kwenda nje, asishindane nao. Aelee, aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke ndani yake, ndipo arudi.

Kuna suala la mabinti zetu ambalo tumelikwepa. Wavulana wanajifunza kuogelea wenyewe kwa kurukaruka gatini. Wasichana wanakaa mchangani, na siku wakiingia majini wanaingia na dera na khanga, nguo zinazolowa, kuwa nzito na kujizungusha miguuni. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea, wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili wote. Picha za mafunzo hayo zilizopigwa na Anna Boyiazis zilitunukiwa katika shindano la World Press Photo la mwaka 2018. Nguo ya namna hiyo inaweza kushonwa na fundi yeyote wa mtaani kwa kitambaa chepesi kisichonyonya maji. Mwalimu wa kike anapatikana akitafutwa. Stara haijawahi kuwa sababu ya binti kutojua kuelea.

Kwa wanaopanda boti kwenda Mbudya au Bongoyo, koti la kuokolea livaliwe na kufungwa kabla boti haijaondoka, na la mtoto liwe saizi ya mtoto. Mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, shukeni. Baada ya Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012, hakuna mtu wa Pwani anayehitaji kuelezwa sababu.

Mtu akizama, asiyejua kuokoa asiingie. Mrushieni kinachoelea. Dumu la lita 20 mlilobebea maji ya kunywa, likishakwisha lifungeni kifuniko na liwekwe mchangani karibu na mlinzi, badala ya kurudishwa kwenye gari. Linaweza kumbeba mtu. Likifungwa kamba, mnamvuta nalo.

Akitolewa majini, achaneni na ile desturi ya kumning'iniza mtoto kichwa chini na kumminya tumbo. Inapoteza muda na inamtapisha, matapishi yakaingia mapafuni. Mlazeni chali mahali pagumu. Kama hapumui, inueni kidevu chake, bana pua, mpulizieni pumzi 5 mkiona kifua kinainuka. Kisha bonyezeni katikati ya kifua mara 30, kwa nguvu na haraka, karibu mara mbili kwa kila sekunde, mpulizieni pumzi 2, na muendelee hivyo mkibadilishana, wakati gari linatafutwa. Kwa mtoto mchanga tumieni vidole gumba viwili, na mdomo wenu ufunike mdomo na pua yake kwa pamoja. Akizinduka alazwe ubavu, avuliwe nguo zilizolowa na afunikwe. Hata akikaa na kuomba soda, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidishia shida ya kupumua saa kadhaa baadaye, wakati nyinyi mmeshafika nyumbani na kila mtu amelala.